Muziki wa Akira: Sherehe na Maombolezo ya Jiji Lililoangamia

Akira ni filamu ya katuni ya Kijapani iliyoongozwa na Katsuhiro Otomo na kuanza kuonyeshwa Julai 16, 1988. Kisa chake kimewekwa mwaka 2019, miaka 31 baada ya Tokyo kufutwa na mlipuko, katika jiji jipya ambalo nalo limo mbioni kuangamia. Kaneda na rafikiye Tetsuo, vijana wa genge la pikipiki, wananaswa katika majaribio ya siri ya jeshi. Tetsuo anapata nguvu za akili asizoweza kuzitawala, hata mwili wake mwenyewe ukamshinda. Hadithi za aina hii huvishwa kwa kawaida mivumo ya mitambo au okestra kubwa. Hii imejengewa muziki wa mianzi, ngoma na pumzi za watu.

Watu hao ni Geinoh Yamashirogumi, kundi lililoanzishwa mwaka 1974 na Tsutomu Ohashi, mwanasayansi ambaye kwenye muziki hujiita Shoji Yamashiro. Kundi hilo si bendi ya kulipwa. Lina mamia ya watu wenye kazi zao, wakiwemo madaktari, wahandisi, waandishi wa habari na wanafunzi, ambao kwa miaka mingi walijifunza kuimba kwaya za Bulgaria, kupiga ala za Bali na kuiga nyimbo za Afrika. Albamu yao ya mwaka 1986, Ecophony Rinne, inahusu kuzaliwa, kufa na kuzaliwa tena. Ndiyo iliyomvuta Otomo.

Otomo aliwapa mada mbili tu: sherehe na maombolezo. Yamashiro akatunga vipande vinavyoweza kutenganishwa na kupangwa upya, na sehemu kubwa ya muziki ikawa tayari kabla picha hazijakamilika, hivi kwamba mara nyingi picha ndizo zilizofuata muziki. Hata mazungumzo yalirekodiwa kwanza, kisha midomo ikachorwa kuyafuata, jambo lisilo la kawaida katika katuni za Kijapani.

Msikilizaji wa Ndalu, Bungoma au Kitale, magharibi mwa Kenya, hahitaji kuelezwa sana kuhusu mada hizo mbili. Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, kijana wa Kibukusu anayekwenda kutahiriwa hupita kwa jamaa zake akigongesha chinyimba, njuga za chuma mikononi, huku umati ukimwitikia mwimbishaji saa nyingi bila kuchoka. Kwenye msiba wa mzee, kelele hizo hunyamaza ili omuswasi, mnenaji wa msiba, atembee mbele ya watu na kunena kumuse, hotuba ya maombolezo. Akira imesimama juu ya nguzo za namna hiyo hiyo: mwito na mwitikio upande mmoja, kauli nzito ya msiba upande wa pili.

Sherehe inasikika wazi katika kipande kiitwacho "Kaneda", kinachosindikiza mbio za pikipiki usiku. Uti wake wa mgongo ni jegog, ala za mianzi kutoka Jembrana, magharibi mwa Bali. Mianzi yake mikubwa hufikia urefu wa mita 3 hivi, na ngazi yake ya muziki ina noti 4 pekee. Juu ya mianzi hiyo waimbaji wanapaza vibwagizo vya Nebuta, tamasha la Agosti la mji wa Aomori, kaskazini mwa Japani. Hakuna gitaa la roki hata moja, na bado pikipiki zinaonekana kwenda kasi kuliko katika filamu nyingi zenye magitaa.

Sauti za Bali zilileta tatizo la ufundi. Vinanda vya elektroniki vya wakati huo vilitoka kiwandani vikiwa na noti 12 za Kizungu, na ala za Bali hazikai humo, kama vile litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, lililokazwa kwa sikio la mpigaji lisivyolingana na piano ya kanisani. Kundi lililazimika kuviprogramu upya vinanda vyake, noti kwa noti, mpaka vikubali milio ya Kibali.

Upande wa Tetsuo ni wa sauti za binadamu. Katika "Doll's Polyphony", wanasesere wanapomvamia hospitalini, waimbaji wanarushiana silabi fupi, kila mmoja akishika tone lake, mpaka wimbo unasukwa na watu wengi bila yeyote kuubeba peke yake. Wambuti wa msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, ni mabingwa wa uimbaji wa kusukana hivyo. "Shohmyoh" inatokana na uimbaji wa watawa wa Kibudha, na "Illusion" inatokana na tamthilia ya noh, yenye filimbi kali na ngoma zinazosubiriana. "Requiem" inafunga kwa kwaya na kinanda kikubwa cha kanisani. Ni nzuri, ila ndiyo iliyo karibu zaidi na muziki wa filamu nyingine.

Ukimya nao umepewa kazi. Mlipuko wa mwanzo unaumeza mji mzima bila kishindo, kisha linafuata pigo moja zito. Kwa mtazamaji aliyelelewa na vibanda vya video, ambako DJ Afro na wenzake husimulia filamu kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, ukimya kama huo ndio wa kwanza kupotea.

Ohashi mwenyewe alikuwa na shaka kubwa zaidi kuhusu kinachopotea. Sikio la binadamu hukoma karibu na mitetemo 20,000 kwa sekunde, na diski za CD zilitengenezwa kwa kipimo hicho, lakini ala za Bali hutoa mitetemo inayopita hapo. Mwaka 2000 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliodai kwamba ubongo huathiriwa na mitetemo hiyo isiyosikika, mradi iandamane na ile inayosikika. Watafiti wengine wameupinga. Hata hivyo Akira ilipotolewa kwa Blu-ray mwaka 2009, sauti ya Kijapani iliwekwa kwa kiwango cha sampuli cha kilohezi 192, zaidi ya mara 4 ya kile cha CD, ingawa spika nyingi za nyumbani haziwezi kuitoa mitetemo hiyo ya juu.