Kimto cha sindano: ndani ujaze nini?

Sindano iliyosahaulika mkekani humsubiri mtoto anayetambaa. Kimto cha kuichomeka hushonwa kwa kipande cha kitenge. Kazi ni kuchagua cha kujaza.

Kwa mzazi anayeshona Ntobeye, wilayani Ngara, vumbi la mbao kutoka kwa seremala linafaa, kwani hushika sindano vizuri. Lichekeche kuondoa vibanzi, ulianike likauke kabisa. Unyevu huleta kutu. Sufi ni laini, lakini sindano fupi huzama ndani, ukikibonyeza inakuchoma. Sufu ya kondoo ina mafuta yanayosaidia kuzuia kutu. Mchele huvuta wadudu na panya.

Shindilia mpaka kimto kiwe kigumu. Ukimaliza kushona, hesabu sindano kabla mtoto hajashushwa chini.