Kuruhusu Pekee au Kuzuia Baadhi: Udhibiti wa Vitenzi vya HTTP katika Seva za Umma

Kituo cha Pamoja cha Mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018. Mfanyabiashara atokaye Masinya, wilayani Busia nchini Uganda, akielekea Kenya, hukamilisha taratibu za nchi zote mbili mahali pamoja, upande anakoingia. Tangu Himaya Moja ya Forodha ianze kutekelezwa mwaka 2014, taarifa za shehena hutangulia kwa mifumo ya kielektroniki kabla ya lori kufika. Lango la pili la mpaka, basi, ni seva. Makala hii inaeleza kwa nini seva hukataa aina fulani za maombi, na inadai kwamba maneno yanayotumika kuandika katazo hilo huamua kama lango limefungwa kweli.

Kila ombi linalopelekwa kwa seva kwa itifaki ya HTTP huanza na neno moja linaloeleza kinachotakiwa. GET huomba kusoma. POST huwasilisha taarifa ili zishughulikiwe. PUT huweka au kubadilisha kitu mahali palipotajwa, na DELETE hukifuta. Maneno haya kwa kawaida huitwa mbinu za maombi. Istilahi hiyo haina kosa, lakini katika mjadala wa sera neno kitenzi linafaa zaidi, kwa kuwa humkumbusha msomaji kuwa anayeamua hapa anaamua ni matendo gani yatendeke.

Wapo wanaodhani kwamba kukataa baadhi ya vitenzi ni kukiuka kanuni za intaneti. Sivyo. Toleo la awali la HTTP, la mwaka 1991, lilikuwa na GET peke yake. Waraka wa sasa wa viwango, RFC 9110 wa mwaka 2022, unazilazimu seva za matumizi ya jumla kuvikubali GET na HEAD tu. Vingine vyote ni hiari. Waraka huo huo umeweka namna ya kukataa: jibu 405 kwa kitenzi kinachojulikana ila hakiruhusiwi mahali hapo, na 501 kwa kile ambacho seva haikitambui.

Hatari yenyewe si ya kinadharia. Mwaka 2017 ilibainika kwamba seva ya Apache Tomcat kwenye Windows, ikiwa msimamizi ameiruhusu PUT, ingeweza kupokea faili lenye programu kutoka kwa mtu wa nje kisha kuiendesha. Mwaka 2003 Jeremiah Grossman alionyesha jinsi TRACE, kitenzi kilichobuniwa kwa uchunguzi wa hitilafu tu, kingeweza kurudisha vidakuzi vya mtumiaji mikononi mwa hati ya mshambuliaji. Kitenzi kisicho na kazi katika huduma fulani ni mlango usio na mlinzi.

Hata hivyo, kisa chenye funzo kubwa zaidi kwa watunga sera ni cha JBoss, kilichotangazwa mwaka 2010. Ukurasa wa usimamizi wa seva hiyo ulidai nywila, lakini sharti liliandikwa kwa kuvitaja GET na POST. Aliyetuma ombi kwa kitenzi kingine, kama vile HEAD, hakuulizwa chochote, na ombi lake lilishughulikiwa kama GET. Wakazi wa Busia na Malaba hawahitaji kuelezwa sana jambo hili, kwani ndiyo maana hasa ya njia za panya: ulinzi umewekwa barabarani, na asiyepita barabarani hakaguliwi.

Hapa ndipo sarufi inapogusa usalama. Sentensi “zuia PUT, DELETE na TRACE” huacha wazi kila kisichotajwa, pamoja na vitenzi vitakavyobuniwa kesho. Sentensi “ruhusu GET, HEAD na POST pekee” hufunga vyote hivyo. Tofauti yote imebebwa na neno pekee, nalo ni neno ambalo mfasiri mwenye haraka huliangusha kwa urahisi.

Si kwamba orodha hiyo fupi inafaa kila mahali. Mifumo inayobadilishana taarifa, kama ya forodha, huenda ikahitaji PUT na DELETE kihalali, na vivinjari hutumia OPTIONS kuuliza ruhusa kabla ya maombi fulani kwenda tovuti nyingine. Aidha, POST iliyoruhusiwa inaweza kubeba amri ya kufuta ndani yake. Udhibiti wa vitenzi haumwondolei mtu wajibu wa kuthibitisha nani anaomba na ana mamlaka gani.

Sheria za kulinda data binafsi za Kenya na Uganda, zote za mwaka 2019, hudai hatua za kiufundi zinazofaa bila kuingia katika undani huu, na ni sawa. Mahali pake ni hati za zabuni na miongozo ya ukaguzi. Kifungu chaweza kusema: “Kila huduma itaorodhesha vitenzi inavyohitaji, seva itakataa vingine vyote.” Mkaguzi atakipima kwa dakika chache, kwa idhini ya mwenye mfumo, kwa kutuma ombi lenye kitenzi cha kubuni, tuseme CHUNGULIA, kwa ukurasa unaodai nywila. Jibu likiwa 405 au 501, kitenzi hicho kimekataliwa kama kifungu kinavyotaka. Ukurasa ukifunguka, seva hiyo haistahili kupokelewa.