Kuanzisha Uchungu Pale Mtoto Alipodumaa Tumboni: Hali ya Fizi na Baraka

Mtoto aliyedumaa tumboni si sawa na mtoto aliyezaliwa mdogo kwa kuwa wazazi wake ni wadogo wa umbo. Huyo wa kwanza alitarajiwa kuwa mkubwa zaidi, lakini kondo la nyuma, yaani kiungo kinachopitisha oksijeni na chakula kutoka katika damu ya mama, lilishindwa kumlisha kama ilivyopasa. Katika eneo la Fizi na mji wa Baraka, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, sababu za kushindwa huko ni za kila siku: malaria, upungufu wa damu, lishe duni ya watu waliokimbia mashamba yao kwa ajili ya vita, na shinikizo la damu la ujauzito. Malaria ndiyo inayostahili kutajwa mbele, kwa sababu vijidudu vyake hujikusanya ndani ya kondo lenyewe hata pale mama asipokuwa na homa, na wanaoumia zaidi ni wenye mimba ya kwanza. Ndiyo maana dozi za dawa ya kinga, tatu au zaidi kuanzia miezi mitatu ya kwanza inapokwisha, ni ulinzi wa ukuaji wa mtoto sawasawa na ulinzi wa mama.

Kabla ya kuuliza ni njia gani itumike kuanzisha uchungu, lazima mtu awe ametambua kwamba mtoto amedumaa. Kazi hiyo, mahali ambapo mashine ya ekografia haipo karibu, hufanywa na mkunga kwa utepe wa kupimia: kuanzia takribani wiki ya 24, urefu kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi, ukihesabiwa kwa sentimita, hukaribiana na idadi ya wiki za mimba, na upungufu wa sentimita 3 au zaidi, au kipimo kisichopanda kati ya kliniki moja na nyingine, ni dalili ya kumpeleka mama hospitali. Utepe huo, hata hivyo, haufai kitu ikiwa tarehe ya hedhi ya mwisho haikuandikwa kwenye fishi ya kliniki tangu mwanzo, kwa maana mimba ya wiki 34 iliyodhaniwa kuwa ya wiki 38 itaonekana imedumaa, na mtoto atatolewa kabla ya mapafu yake kukomaa.

Juu ya wakati wa kuzalisha, utafiti uliofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2010 uligawa wanawake 650, wenye mimba za wiki 36 hadi 41 na watoto waliodhaniwa kudumaa, katika makundi mawili: wengine wakaanzishiwa uchungu, wengine wakasubiri chini ya uangalizi. Madhara kwa watoto hayakutofautiana sana, na upasuaji ulikuwa karibu asilimia 14 kila upande, kwa hiyo kuanzisha uchungu hakukuuongeza. Lakini kusubiri kule kulikuwa kusubiri kwa vipimo vya mara kwa mara. Mama wa Fizi anayerudi Lulenge au rasi ya Ubwari baada ya kliniki, akitegemea pikipiki au mtumbwi ili arudi tena, hasubiri kwa maana ile ile. Kwake yeye, mimba inapofika wiki ya 37 au 38 na kudumaa kumethibitika, kuzalisha mapema ndio uamuzi wenye busara zaidi.

Hatari ya uzazi huu iko ndani ya uchungu wenyewe. Kila mfuko wa uzazi unapojikaza, mishipa inayopeleka damu kwenye kondo hubanwa, na mtoto huishi kwa muda huo kwa akiba yake ya oksijeni na sukari. Mtoto mwenye afya hulimudu hilo kwa saa nyingi, ilhali aliyedumaa ana akiba ndogo. Uchungu ukizidi mara 5 katika dakika 10, hapati nafasi ya kuvuta pumzi, na mapigo ya moyo wake huanza kushuka. Njia bora kwake, basi, ni ile inayolegeza na kufungua mlango wa kizazi bila kuukazia mfuko wa uzazi.

Njia inayokaribia zaidi sifa hiyo ni mpira wa mkojo wa kawaida, uliopewa jina la daktari Mmarekani Frederic Foley. Mpira huo hupitishwa kwa usafi katika mlango wa kizazi, puto lililo kwenye ncha yake hujazwa maji safi ya mililita 30 hadi 60, kisha huvutwa taratibu mpaka puto litulie juu ya mlango, na mkia wake hubandikwa kwa plasta kwenye paja la mama, ambaye anaweza kutembea wodini. Puto hukandamiza mlango na kuachanisha ngozi ya chupa ya maji na ukuta wa mfuko, jambo linaloufanya mwili utoe kemikali zake za kulainisha. Mlango ukifika sentimita 3 hivi puto hudondoka lenyewe. Tafiti zilizolinganisha njia hizi kwa watoto waliodumaa zimeonyesha kwamba puto huleta uchungu wa kupita kiasi mara chache kuliko dawa za kuweka ukeni, na upasuaji wa dharura kwa ajili ya mapigo ya mtoto huwa mchache. Haliwekwi pale kondo limekaa chini na kuziba njia.

Dawa ya misoprostoli, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya vidonda vya tumbo, ina faida yake: haihitaji friji, inamezwa, na ni rahisi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 25 kila baada ya saa 2, lakini kidonge kinachopatikana sana ni cha mikrogramu 200, nacho kukikata vipande vinane kwa wembe ni kucheza na uhai wa mtoto. Mkunga makini hukiyeyusha katika mililita 200 za maji safi, hukoroga vizuri, akampa mama mililita 25 kwa kila dozi, na kinachobaki baada ya saa 24 humwagwa. Huko Nagpur, India, katika utafiti wa wanawake 602 wenye shinikizo la damu uliochapishwa mwaka 2017, waliojifungua kwa njia ya kawaida ndani ya saa 24 walikuwa asilimia 57 kwa dawa hii na 47 kwa puto. Yaani dawa ni ya kasi zaidi, na kasi ndiyo hasa ambayo mtoto aliyedumaa haihitaji. Mwanamke aliyewahi kupasuliwa asipewe kabisa, kwa sababu kovu lake linaweza kupasuka.

Ositosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi, hufuata baadaye, mlango ukishalainika, kwa dripu ya matone yanayohesabiwa na kuongezwa kila dakika 30. Kuichoma katika msuli kabla mtoto hajazaliwa, desturi ambayo bado inaonekana katika vituo vingi vya afya vya Afrika, ni kosa kubwa, kwani ikishaingia mwilini hakuna mkono wa kuipunguza. Vivyo hivyo mitishamba ya kuharakisha uchungu, ambayo nguvu yake haipimiki.

Yote haya hayafai kufanyika mbali na chumba cha upasuaji. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, lililofanya kazi Baraka tangu mwaka 2003, lilisitisha sehemu kubwa ya kazi zake Fizi mwishoni mwa mwaka 2020 baada ya watumishi wake kushambuliwa, na mzigo mkubwa ukabaki kwa hospitali za zoni za afya. Kwa hiyo puto liwekwe jioni, hospitalini, ili uchungu mkali uje asubuhi wauguzi wakiwa wengi. Mapigo ya mtoto yasikilizwe kwa pembe ya Pinard kila dakika 15 hadi 30, na kila dakika 5 wakati wa kusukuma, yakitakiwa kubaki kati ya 110 na 160. Na mtoto akishatoka akaushwe, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, anyonye ndani ya saa ya kwanza, kwa sababu mwenye mafuta machache chini ya ngozi hupoteza joto na sukari upesi kuliko wenzake.