Usiuze gita lako, pikapu hazijafa, zimenuniana tu!

Ukisikia pikapu usikimbilie kuwaza ile gari ya kubebea matofali. Wiki hii naongelea pikapu za gita la umeme, vile vidude vinavyokaa chini ya nyuzi. Kisa chenyewe nimekikuta Pujini, kisiwani Pemba, nilikokwenda kula pilau la harusi.

Basi bwana, usiku wa kuamkia harusi nikamkuta kijana mmoja kajiinamia uani, gita mapajani. Tumwite Solo, maana ndilo analopiga. Gita lake lina pikapu mbili, mjomba wake kamletea kutoka Muscat, zuri usipime! Siku chache nyuma waya wa pikapu ya shingoni ulikatika, akalipeleka kwa fundi redio. Likarudi na sauti mbovu, na fundi akamwambia pikapu zimekufa. Tayari kuna mjanja kamtajia shilingi 60,000 na asubuhi anakuja kulichukua. Elfu sitini, jamani!

"Skiza mwenyewe, yakhe," akaniambia huku anachomeka kwenye amplifaya.

Pikapu ya shingoni peke yake: nene, tamu, ina kamvumo kidogo. Ya nyuma peke yake: kali, inakata kama wembe. Akaweka swichi katikati ili zilie zote mbili. Mama yangu! Besi yote ikakimbia, ikabaki sauti ya puani kama mtu mwenye mafua, halafu spika ikavuma kushinda mwanzo.

Hapo nikajua hakuna maiti. Pikapu iliyokufa hailii hata ukiiacha peke yake. Hizi ni wake wenza walionuniana.

Na wake wenza Pujini wana historia. Kuna magofu pale ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 ambaye jina lake watu hulitafsiri kuwa mkamua wanaume. Wazee husimulia kwamba kisima chake kilitiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wateke maji bila kuonana, mmoja akishuka ngazi, mwenzake akitumbukiza ndoo kwa kamba. Pikapu mbili nazo zinateka mlio kwenye nyuzi zilezile. Tofauti ni kwamba hizi lazima zimimine kwenye mtungi mmoja, na zikienda kinyume, moja inajaza na nyingine inamwaga.

Mambo yako hivi. Ndani ya pikapu kuna sumaku, na kuizunguka kuna koili ya waya mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa kwenye koili na kwenda kwenye amplifaya. Ndiyo sauti hiyo. Lakini koili hiyohiyo ni antena. Umeme wa majumbani, ambao Pemba tangu 2010 unapita kwenye waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, unageuka huku na huku mara 50 kwa sekunde. Taa, chaja na transfoma zinautapakaza hewani, koili inaudaka, nawe unasikia mmmmm.

Sasa shika hapa, maana ndipo mafundi wengi wa redio wanapoteleza. Mvumo haujali sumaku, unajali koili imezungushwa upande gani. Sauti ya uzi inajali vyote viwili, koili na sumaku. Kwa hiyo ukigeuza koili na sumaku pia, sauti za pikapu mbili zinakwenda pamoja huku mivumo inauana. Ujanja huo Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliuombea hataza Marekani mwaka 1955, akapewa 1959, na ndio uliozaa pikapu za koili mbili ziitwazo hambaka. Magitaa mengi yenye pikapu za koili moja huuiga, ila mvumo unakufa pale tu pikapu zote mbili zinapolia. Ukibaki na moja unarudi, usimlaumu mtu.

Gita la Solo lilitoka kiwandani hivyo. Aliyelehemu waya upya alizipindua nyaya mbili za pikapu ya shingoni, basi. Sauti zikaanza kuuana na mivumo ikaungana! Kinyume kabisa cha alichotaka Lover.

Ushahidi? Kwanza nikagusa kwa kidole kifuniko cha bati cha pikapu ya shingoni. Spika ikanguruma. Kifuniko hicho huungwa na waya wa ethi. Kikinguruma, jua kimeungwa kwenye waya wa sauti. Pili, tukaazima mita ya mshale, ya namba inatatiza, tukaiweka volti ndogo kabisa za DC. Volyumu ya gita mpaka mwisho, waya mwekundu wa mita kwenye ncha ya plagi ya gita, mweusi kwenye shina lake. Unalaza bisibisi juu ya pikapu, unaichomoa ghafla. Shingoni mshale ukaruka kushoto, nyuma ukaruka kulia. Wamepeana migongo! Jirani mvuvi akatuletea dira, tukaisogeza kwa mbali kidogo: pikapu moja ikavuta ncha hii, nyingine ncha ile. Sumaku ziko kinyume kama inavyotakiwa, kosa ni la nyaya tu.

Tukachoma risasi, tukabadilishana nyaya mbili. Dakika kumi.

Wapo wanaoipenda ile sauti ya puani. Gita la Les Paul la 1959 alilopigia Peter Green wa Fleetwood Mac lina sifa hiyohiyo ya pikapu kupingana likiwa katikati, na Kirk Hammett wa Metallica alilinunua mwaka 2014. Lakini kwenye rusha roho, solo la mafua halimwinui bibi harusi kitini.

Na nyie mnaokata pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya ili mvumo upungue, acheni. Nyuzi za gita zimeungwa na ethi hiyo. Siku amplifaya ikivujisha umeme, mkono uko kwenye nyuzi na mdomo kwenye maikrofoni, tutakula pilau la hitima.

Solo akaweka swichi katikati, akapiga. Mvumo kimya, besi imerudi. Kuku wa uani wote macho.

Asubuhi yule mjanja akaja na noti zake mkononi. Solo akamtazama kwa huruma.

"Zimekufa zile, yakhe. Utazifanyia nini?"