Rangi ya Ukutani Inayohimili Kuoshwa

Rangi ya ukutani hutengenezwa kwa vitu vinne: unga unaoleta rangi na kuficha kilicho chini, gundi inayoushika unga huo, kimiminika kinachowezesha vyote viwili kupakwa, na viungo vidogo vya kuzuia povu, kuvu na kuganda. Baada ya kupakwa, kimiminika hupotea hewani. Hubaki unga na gundi, na uwiano wa viwili hivi ndio unaoamua kama alama ya kiganja cha mtoto wa miaka mitatu itafutika kwa kitambaa chenye maji, au itaondoka pamoja na rangi yenyewe.

Gundi ikiwa nyingi, kila chembe ya unga huzungukwa nayo pande zote, na utando unaokauka ukutani huwa umefungamana bila vitundu. Ikipunguzwa, hufikia mpaka ambapo haitoshi tena kujaza nafasi kati ya chembe. Watafiti Asbeck na Van Loo walieleza mpaka huo kwa vipimo mwaka 1949, na watengenezaji wa rangi wanauzingatia hadi leo, kwa sababu rangi ikiuvuka hubadilika ghafla. Utando hufanana na chapati iliyokandwa kwa maji kidogo: unaonekana mzima, lakini ukiguswa unamegeka. Maji, mafuta ya nywele na wino huzama ndani yake, na kila kusugua huondoa tabaka.

Rangi nyingi za bei nafuu huwa ng'ambo ya mpaka huo kwa makusudi. Unga wa mawe ya chokaa hugharimu kidogo kuliko gundi, na kidogo zaidi kuliko titani dioksidi, unga mweupe ambao ndio hasa unaoficha ukuta. Kwa dari hakuna ubaya, maana dari haiguswi. Tatizo ni kwamba hewa iliyonaswa katika vitundu nayo hutawanya mwanga, kwa hiyo rangi yenye gundi kidogo inaweza kukauka ikawa nyeupe pee na kuficha ukuta vizuri kabisa. Weupe huo hausemi lolote kuhusu uimara. Njia ya haraka ya kujua ni kusugua sehemu iliyokwisha kukauka kwa kitambaa cheusi kikavu. Kitambaa kikitoka na unga, rangi hiyo haifai chumba cha mtoto.

Rangi ya maji ya aina inayotumika leo ni ya karne ya 20. Kampuni ya Glidden ya Marekani ilianza kuuza Spred Satin mwaka 1948, ikitumia gundi iliyotokana na ujuzi wa kutengeneza mpira viwandani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1953 Rohm and Haas, pia ya Marekani, ilileta gundi ya akriliki, ambayo haigeuki manjano upesi na huhimili magadi ya saruji. Ndani ya ndoo, gundi hizi huelea katika maji kama chembe ndogo sana. Maji yakipungua, chembe husukumana, hubonyea, kisha huungana kuwa utando mmoja. Ukuta huwa mkavu ukiguswa baada ya saa moja au mbili, lakini muungano huo huendelea kwa wiki kadhaa. Kuosha ukuta siku ya tatu ni kuuharibu bure. Kwenye unyevunyevu wa pwani, hasa wakati wa masika, subira inahitajika zaidi.

Muda huo umezingatiwa hata katika upimaji. Kwa utaratibu wa Ulaya wa EN 13300, rangi huachwa ikauke siku 28, halafu husuguliwa ikiwa na maji mara 200, na unene uliopotea hupimwa. Rangi ya daraja la 1 hupoteza chini ya mikromita 5; ya daraja la 2 hupoteza kati ya 5 na 20; ya daraja la 3 hufika hadi 70. Kwa chumba cha watoto, daraja la 1 au la 2 ndilo la kutafutwa. Kwa kuwa kinachopotea ni unene, fundi anayeongeza maji kupita maelekezo ili ndoo itoshe huacha utando mwembamba, nao huisha baada ya kuoshwa mara chache. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 chenye kuta za mita 2.7 kina takriban mita 31 za mraba ukiondoa mlango na dirisha. Lita moja ikipaka mita 10 za mraba, mikono miwili huhitaji lita 6 hivi. Fundi akisema lita 3 zinatosha, aulizwe zitatosha vipi.

Mng'ao hufuata gundi. Rangi isiyong'aa kwa kawaida ina unga mwingi, na ikisuguliwa sana hubaki na doa linalong'aa ambalo halifutiki. Silki, yaani rangi yenye mng'ao wa wastani, ina gundi zaidi na huoshwa kwa urahisi, ingawa huonyesha kila kasoro ya lipu iliyopigwa vibaya. Zipo pia rangi zisizong'aa zilizotengenezwa kuhimili kuoshwa, nazo huwa ghali. Kwa nyumba nyingi, silki ya akriliki ndiyo chaguo la busara.

Shule na zahanati nyingi za Tanzania na Kenya zimetatua jambo hili kwa kugawa ukuta: chini, hadi usawa wa kifua cha mtoto, rangi ya mafuta; juu, rangi ya maji. Mgawanyo huo unafaa hata nyumbani, kwani uchafu mwingi huwa chini ya mita 1.2. Rangi ya mafuta, hata hivyo, ina harufu kali, hugeuka manjano mahali penye mwanga hafifu, na ikipakwa juu ya lipu mbichi huharibiwa na magadi ya saruji. Silki ya maji inaweza kuchukua nafasi yake.

Sababu nzito zaidi ya kuwa mwangalifu ni madini ya risasi. Mwaka 1904 J. Lockhart Gibson, daktari wa macho wa Brisbane, Australia, alieleza kwamba watoto wa Queensland walikuwa wakipata sumu kutokana na rangi ya kuta na vizuizi vya baraza: unga wake ulishika vidoleni, na vidole vilikwenda mdomoni. Queensland ilipiga marufuku rangi yenye risasi katika sehemu zinazofikiwa na watoto mwaka 1922. Marekani iliizuia majumbani mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na kikomo kinachopendekezwa kwa rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Hatari iko zaidi katika rangi za mafuta zenye kukoza, hasa njano na nyekundu, yaani zilezile zinazopendwa kwa vyumba vya watoto. Rangi ya zamani isiyojulikana asili yake isipigwe msasa mkavu. Ilowanishwe kwanza, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, na watoto wasiwepo.

Hata rangi bora hubanduka ikipakwa juu ya chokaa ya zamani. Chokaa hukwanguliwa, ukuta huoshwa, hukauka, kisha hupakwa praima. Lipu mpya huachwa karibu wiki nne. Ukuta unaovuja utibiwe kwanza, maana hakuna rangi inayozuia maji yanayotoka nyuma yake.

Kuosha huanza na maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini, kutoka chini kwenda juu, ili maji machafu yasichore michirizi kwenye sehemu kavu. Kalamu za nta hazisikii maji matupu, kwa sababu nta ni jamii ya mafuta. Sabuni ndiyo huilegeza. Wino usiofutika huingia ndani ya utando, na kuukwangua kwa steelwool huondoa rangi kabla ya wino. Hapo hupakwa upya kwa rangi ya ndoo ileile, iliyohifadhiwa ikiwa imefunikwa sawasawa. Silki ikipakwa kiraka huonekana, hivyo hupakwa ukuta mzima, kona hadi kona.