Garaji: muone kwanza, mulipe nyuma

Ndugu wanamemba, pikipiki ya koperative inakosa nguvu kwa mlima, munaipeleka garaji. Fundi anasema: «Kabureta imekufa, cheni pia, na batri.» Mulileta shida moja, sasa ziko tatu. Na ile feza ni ya mahindi yetu sote. Tufanye namna gani?

1. Muombe afungue filtri ya hewa na buji mbele yenu. Kwa barabara zetu za vumbi, filtri ikiziba, pikipiki inakunywa mafuta mengi na nguvu inapunguka. Kuisafisha ni bei kidogo kuliko kununua kabureta.

2. Kwa kila piesi muulize: «Imeharibika wapi? Tuonyeshe.» Pengine fundi anasema kweli: meno ya cheni yakichongoka kama msumeno, yabadilishwe pamoja na cheni, juu cheni mpya kwenye meno ya zamani inaisha mbio.

3. Aandike bei ya kila piesi na ya kazi yake mbele ya kuanza. Asiongeze kitu bila kuuliza mtunza feza.

4. Piesi ya zamani irudi kwa koperative pamoja na risiti.

Fundi mwema hakasirikie maulizo. Akikataa kuonyesha, mutafute mwengine.