UMEITWA KWENYE USAILI NA MTU USIYEMJUA: UFANYE NINI?



Hapa kambini neno "mahojiano" lina uzito. Mtu akisikia kwamba jirani ameitwa kwenye mahojiano, mawazo yake yanakwenda moja kwa moja kwenye safari ya nchi ya tatu. Ndiyo maana karatasi yenye neno hilo ikiingia nyumbani, hata mgonjwa huinuka kitandani.

Hivi karibuni karatasi ya namna hiyo ilifika nyumba ya pili kutoka kwetu. Ilimwambia dada mmoja mwenye diploma ya sekondari kwamba amechaguliwa kufanya usaili wa kazi ya hoteli katika nchi ya Ghuba. Usaili ungefanyika Kigoma mjini, nyumba ya wageni, siku ya Jumamosi. Alete picha mbili, kadi yake halisi ya mkimbizi na shilingi 40,000 za fomu. Nauli ingelipwa na kampuni. Asimwambie mtu, kwa sababu nafasi ni chache.

Alinifuata usiku akaniuliza: "Kaka, niende au nisiende?" Sikumjibu palepale. Tuliwasha taa tukaisoma karatasi upya, mstari kwa mstari. Haya ndiyo tuliyoyaona.

KARATASI YENYEWE INASEMA NINI

Kwanza, dada huyu hakuwa ameomba kazi popote. Mwajiri hawezi kumchagua mtu ambaye hajawahi kuona barua yake.

Pili, fedha. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada. Mwajiri ndiye anayemhitaji mfanyakazi, naye ndiye alipe. Vilevile huduma zote za HCR ni bure, pamoja na mahojiano ya kwenda nchi ya tatu. Anayekuomba fedha kwa jina la HCR ni mwongo.

Tatu, siri. Kazi za mashirika humu kambini hubandikwa kwenye mbao za matangazo, kila mtu asome. Mwenye kazi halali hana sababu ya kukukataza kumwambia mama yako.

Nne, mahali. Nyumba ya wageni si ofisi. Kwa msichana aliye peke yake, hatari haihitaji maelezo.

KWA NINI WANAMTAFUTA MKIMBIZI

Kambi yetu ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Wengi wetu vijana tumezaliwa au kukulia humu. Tumesoma, tuna vyeti, na vyeti vimekaa sandukuni. Posho haitoshi. Mtu mwenye hila anayajua haya yote.

Lakini anajua na jambo jingine. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998, mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, wala kufanya kazi bila kibali cha kazi. Basi ukitoka kwa njia za porini kumfuata, tayari amekushika. Akikunyang'anya kadi, akikufungia chumbani, akikataa kukulipa, atakuambia: "Nenda polisi, nao watakuuliza kibali." Woga wako ndio kufuli lake.

Nauli anayokulipia nayo ni kamba. Ukifika huko inageuka deni, na deni hilo linaongezwa chakula na malazi, mpaka unafanya kazi bila kuona mshahara.

Msidhani wanaodanganywa ni wasiosoma tu. Kuanzia mwaka 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya raia wake juu ya kazi za uongo za Thailand. Vijana waliokwenda, wengi wao wasomi, walivushwa hadi Myanmar na kufungiwa katika majengo yenye ulinzi, wakalazimishwa kutapeli watu kwa njia ya kompyuta. Kwa hiyo kufanyiwa usaili si uthibitisho kwamba kazi ipo.

JINSI YA KUJIBU

Huna lazima ya kusema "ndiyo" au "hapana" siku ileile. Lipo jibu la tatu: kuuliza. Andika maswali haya, ukabaki na nakala:

1. Jina kamili la kampuni ni nani, na ofisi yake iko wapi?
2. Leseni ya wakala wa ajira ni namba gani? Nchini Tanzania wakala binafsi wa ajira lazima awe na leseni ya serikali.
3. Jina langu mmelipata wapi?
4. Kazi ni ipi, saa ngapi kwa siku, mshahara kiasi gani? Naomba mkataba niusome kabla.
5. Nani ataomba kibali changu cha kutoka na kibali cha kazi?
6. Je, usaili unaweza kufanyika humu kambini, mchana, kwenye ofisi ya kijiji?

Mwajiri wa kweli hatakasirika, maana maswali haya yamo katika kazi yake. Asiye wa kweli atakuharakisha, atakutisha, au atanyamaza.

Wakati unangoja jibu, usitume picha, usitoe kadi halisi wala kadi ya posho, usitume fedha. Karatasi ipeleke kwa mwenyekiti wa kijiji, au ofisi ya ulinzi ya HCR, au ofisi ya Mambo ya Ndani. Usiichane. Huenda wengine watano wamepata karatasi kama hiyo, na ofisi haiwezi kujua mpaka mmoja aipeleke.

UKIAMUA KWENDA

Siwezi kumkataza mtu mzima. Ila ukienda, nenda na kibali mkononi. Nenda na mwenzako. Acha nyumbani jina la mahali, namba ya simu ya mtu huyo na saa unayotegemea kurudi. Kariri namba mbili za ndugu, kwa sababu simu huweza kuchukuliwa. Patana na ndugu zako neno moja la kawaida ambalo ukilitamka kwenye simu watajua uko taabuni. Usisaini karatasi ya lugha usiyoisoma. Ukiambiwa mahali pamebadilishwa, rudi.

KAMA UMESHATOA FEDHA AU UMESHAKWENDA

Usijifiche. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya Tanzania ya mwaka 2008 inamwadhibu anayekusafirisha kwa hila ili akutumikishe. Na kwa itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, kukubali kwako hakumwokoi, kama ulikubali kwa kudanganywa. Njoo ofisi ya ulinzi ueleze yote. Nasi majirani tusimcheke aliyerudi mikono mitupu. Tukimcheka yeye, wa pili hatarudi kusema.

DADA YULE

Alituma maswali sita. Mtu yule alijibu moja tu, la mshahara, na mshahara ulikuwa mnono. Siku ya pili akaandika kwamba nafasi imepewa mwingine. Dada alilia. Akaniambia, "Labda ilikuwa kweli, na ninyi mmenipotezea." Sikubishana naye. Alikuwa amekwisha kutenga vitenge viwili na debe la mahindi la kuuza ili apate zile 40,000.

Vitenge bado anavyo. Mahindi watoto wamekula. Karatasi ile tuliipeleka ofisini pamoja, na mwenyekiti wa kijiji akatuonyesha nyingine yenye mwandiko uleule, iliyoletwa na mama wa kijiji cha jirani. Dada aliziangalia zote mbili kwa muda mrefu, kisha akaomba kalamu aandike maelezo yake.

Ukipata karatasi kama hiyo, njoo kabla ya Jumamosi.

Mfanyakazi wa jamii,
Kambi ya Nyarugusu